Aina ya Taka Iliyotumika

Walinipa kadi nyeupe na kalamu ya wino mzito, wakaniambia nijaze mistari mitatu: jina la msanii, mwaka, na aina ya taka iliyotumika. Miwili ya kwanza haikunipa taabu. Msanii ni marehemu baba, fundi bati wa Gerezani. Mwaka ni 1971, naukumbuka kwa sababu ndio niliomaliza darasa la saba. Mstari wa tatu ndio ulionikalisha kwenye benchi karibu robo saa, debe liko mapajani, vijana wananipita huku na huku wamebeba ngazi na nyaya.

Maonyesho yalikuwa ya siku mbili tu, Jumamosi na Jumapili, kwenye kiwanja ambacho nyumba ya zamani imebomolewa na mpya haijaanza kuinuka. Vijana wa mtaa walimwomba mwenye kiwanja, wakafagia vifusi, wakafunga kamba kutoka mwarobaini hadi ukuta wa jirani na kutundika kazi zao. Kulikuwa na samaki mkubwa kuliko mtu, magamba yake yote ni vipande vya kandambili. Kulikuwa na gauni la visoda, zito kiasi kwamba binti aliyelivaa alitembea kama bibi harusi wa siku ya tatu. Mjukuu wangu alikuwa ametengeneza nyuso kwa madumu ya mafuta ya kula, mdomo wa dumu ndio mdomo wa uso, mkono wa dumu ndio pua. Yeye ndiye aliyenisumbua wiki nzima: "Bibi, lete lile debe. Na kile kibatari. Watu waone kwamba hata zamani mlikuwa mnafanya."

Nimefundisha shule za msingi miaka 34. Mtu akinipa karatasi yenye kosa, siwezi kuijaza mpaka nimesahihisha kosa. Nikamwita, nikamwambia hapa pameandikwa taka, na hiki si taka. Akacheka kwa adabu, akasema, "Bibi, weka tu bati." Nikaandika "Debe", nikamrudishia kadi. Akaisoma, akanitazama, akaibandika hivyohivyo.

Neno lenyewe halikuzaliwa Pwani. Lilikuja na watu wa Bara Hindi, ambao kwao dabba ni kopo la kuwekea vitu. Kitu chenyewe kilitoka mbali zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni ya Standard Oil ya Marekani ilikuwa inasafirisha mafuta ya taa kwenda pembe nyingi za dunia ndani ya makopo ya bati ya mraba, mawili mawili kwenye kasha la mbao. Kila kopo lilichukua galoni 5 za Kimarekani, yaani karibu lita 19. Waingereza walikuwa na lao la galoni 4 za kwao, lita 18 na kidogo. Umbo la mraba halikuwa la urembo: makopo ya duara yakipangwa melini yanaachiana nafasi, ya mraba yanabanana kama matofali. Sisi tuliozoea kusema "debe, lita 20" tulikuwa tunazidisha tangu siku ya kwanza, na sidhani kama kuna aliyelala macho kwa hilo.

Mafuta yaliungua yakaisha. Debe na kasha vikaanza kazi. Kasha likawa rafu ya duka, meza, kiti cha barazani. Debe halikutupwa wala halikuokotwa, lilinunuliwa. Muuza duka aliyepima mafuta kwa chupa alikuwa na wateja wa debe tupu kabla halijafika nusu. Baba alikuwa na wauza duka wake wanne, na akipata taarifa kwamba debe limeuzwa kwa fundi mwingine, chakula cha jioni kilikuwa hakiliki nyumbani.

Kazi hiyo aliipata kwa Bohora mmoja. Mabohora ndio waliokuwa na jina katika ufundi wa bati kule Unguja, na wengine walikuwa Dar es Salaam na makarakana yao madogo ya milango miwili. Baba aliingia kama mfagiaji. Akafagia mwaka mzima, akapanda kuwa mshika bati, maana yake anayeshikilia kipande wakati mkubwa analehemu, na vidole vyake viliungua mpaka ncha zake zikawa hazisikii moto. Nilipokuwa mdogo alikuwa anatuokotea kaa la jiko kwa mkono ili atuchekeshe.

Debe likishafika kwa fundi lilifunguliwa juu kwa patasi, ukingo ukakunjwa usikate mikono, kisha kipande cha mti kikapigiliwa kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Hapo limekuwa ndoo. Miji ya pwani ilinyweshwa na ndoo hiyo. Wachota maji walining'iniza madebe mawili kwenye mzega, mti unaolazwa begani, wakapita vichochoroni wakiuza nyumba kwa nyumba. Sisi wa bomba la mtaa tulibeba kichwani juu ya ngata, na juu ya maji tuliweka jani ili yasiruke. Debe likitoboka uliziba kwa kipande cha sabuni ya kufulia, ukakandamiza kwa kidole gumba. Ziba hiyo ilidumu wiki. Maji yakawa na povu kidogo, hakuna aliyelalamika.

Madebe mengine yalipasuliwa, yakanyooshwa, yakaezekea nyumba. Uswahilini Dar es Salaam, kabla mabati ya kiwandani hayajawa ya kila mtu, ulikuwa na paa la makuti au paa la madebe. Kiwanda cha ALAF kilianzishwa mwaka 1960, lakini kiwanda kuwepo mjini na bati kuwepo juu ya kichwa chako ni mambo mawili. Jirani yetu Magomeni alikuwa na nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, na paa zima la madebe. Ukipanda mwembe wetu ungeweza kusoma maandishi ya makampuni ya mafuta, mengine yamesimama, mengine yamelala, mengine kichwa chini. Nimejifunza herufi kubwa za Kizungu juu ya paa la jirani kabla sijazikuta ubaoni.

Na kelele je? Debe halikai kimya. Watoto walilifanya ngoma, wavulana wakalitoboa na kulifungia nyaya za breki za baiskeli likawa gitaa. Wachuuzi walilipiga kuita wateja, makondakta wakapiga mabodi ya mabasi, na leo kila stendi ina wapigadebe wake ingawa hakuna hata mmoja mwenye debe. Mwanasiasa naye anapigiwa debe. Jirani zetu Wakenya wamekwenda mbali zaidi: kwao sanduku la kura ni debe, na mshindi hupatikana debeni.

Kibatari nilichopeleka kwenye maonyesho hakikutokana na debe lenyewe bali na masalio yake pamoja na kopo la maziwa. Niliambiwa niweke mezani tu. Lakini saa nne asubuhi walikuja watoto wa shule, mmoja akauliza moto unatokea wapi, nikaona kuliko kueleza afadhali nitengeneze. Nilikuwa na mkasi wa bati wa baba kwenye mkoba. Sikuuchukua kwa bahati mbaya, nikiri.

Unaanza na kopo dogo lenye kifuniko. Unakata ukanda wa bati upana wa vidole viwili, unauzungusha kwenye msumari wa inchi nne mpaka unakuwa mrija, mshono unaukunja juu ya mshono na kuugonga taratibu. Ukiugonga kwa haraka mrija unapasuka na mafuta yatapanda pembeni badala ya kupanda kwenye utambi. Unatoboa kifuniko katikati kwa msumari uleule, kutoka ndani kwenda nje, ili meno ya tundu yaushike mrija. Hapo ndipo kulehemu kunapoingia. Baba alikuwa na kipande cha shaba chenye mpini wa mti, anakilaza kwenye makaa mpaka moto unaokizunguka unageuka kijani. Bati lilipakwa kwanza asidi, na asidi hiyo hakuitumia kali kama ilivyonunuliwa. Alipasua betri za tochi zilizokufa, akachukua lile ganda la kijivu, akalitumbukiza vipande vipande kwenye chupa. Ilichemka bila moto, ikatoa mvuke wa kukohoza, na iliponyamaza ndipo ilipokuwa tayari. Akapaka kwa unyoya wa kuku. Akagusisha shaba kwenye risasi, risasi ikayeyuka na kukimbia kwenye mshono yenyewe, kama maji yanayojua njia. Mwisho mkono wa kushikia, ukanda uliokunjwa duara, na utambi wa pamba uliosokotwa kwenye paja.

Mimi sikuwa na makaa wala asidi, basi niliishia kwenye mrija. Mshono wa kwanza ulipasuka. Wa pili pia. Wa tatu ulikaa, na mtoto aliyeuliza akaupuliza kama filimbi, akaondoka nao.

Usinifanye niviimbie vibatari sifa. Vilitoa moshi, asubuhi ulipenga masizi. Vilianguka vikachoma vitanda na watoto. Taa ndogo za jua na tochi za Kichina zilipofika, hakuna mtu aliyefanya matanga. Kaka yangu aliuza kibatari cha mwisho miaka mingi baada ya baba kufa, kwa mtalii, kwa bei ambayo baba angeidhania tusi au wizi.

Lakini kazi kubwa ya debe haikuwa maji wala paa. Ilikuwa nafaka. Kabla yake Pwani ilipima kwa kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja, na muuzaji na mnunuzi walipatana kwanza kama ni kibaba cha tele, yaani chenye kilima juu, au cha mfuto, kilichosawazishwa kwa mkono. Pishi bado tunaisikia mwisho wa Ramadhani, wakati wa zaka ya fitri. Sokoni debe liliifukuza. Debe sita gunia, ndivyo tulivyokua tukijua, na bei ya mahindi ilitajwa kwa debe kama nauli inavyotajwa kwa kituo.

Sasa, debe ni bati, na bati linasikia nyundo. Kitako chake ni chembamba. Ukikigonga kwa ndani kinatuna kwenda nje, debe linakula vikombe kadhaa zaidi. Ukikigonga kwa nje kinaingia ndani, debe linakula pungufu, na ukilitazama kwa juu likiwa limejaa hutaona tofauti yoyote. Mfanyabiashara aliyekwenda shamba kununua alikuwa na la kwanza. Aliyekaa mjini kuuza alikuwa na la pili. Wenye akili walikuwa na yote mawili. Wakulima walilijua hilo, na wale waliokwisha kuumwa mara moja walikuwa hawamimini punje kabla hawajaligeuza debe na kulipapasa kitako kwa kiganja. Wenye mizani walikuja, wakaguzi wa vipimo walikuja na mihuri yao, na udanganyifu ukahama kutoka kwenye debe kwenda kwenye gunia: lumbesa, ile shehena inayofungwa juu ya mdomo wa gunia kama kilemba, ni mtoto halali wa kitako kilichogongwa. Sitaji majina. Mafundi bati wote wa Gerezani walikuwa wanaombwa kazi hiyo, na nyundo ilikuwa dakika moja tu.

Mama yangu aliuza mahindi Kariakoo.

Miaka ya mwanzo ya themanini, baada ya vita vya Uganda, bati lenyewe liliadimika. Sabuni haikuwepo, sukari haikuwepo, mafuta ya taa ulipanga foleni na kidumu chako toka alfajiri. Baba alitengeneza vitu kwa makopo ya dawa ya mbu, kwa vifuniko vya rangi, kwa pembe za mabati zilizobaki kwenye ujenzi. Alitengeneza funeli, vikaango, mikebe ya kuhifadhia chumvi, masanduku ya wanafunzi wa bweni. Niliwahi kumletea kopo la kutu kabisa, limekaa barabarani mvua mbili. Aliligeuza, akalikwaruza kwa ukucha, akanirudishia. "Hili limekufa," alisema. Hilo ndilo neno alilokuwa nalo. Kitu kilikuwa kizima au kimekufa, na kati ya hapo palikuwa na kazi.

Dumu la plastiki ndilo lililomshinda. Chimbuko lake nalo ni vita. Makopo ya petroli ya galoni 4 waliyotumia Waingereza katika jangwa la Afrika Kaskazini yalikuwa yanavuja vibaya, wakati Wajerumani walikuwa na kopo imara la chuma lenye mikono mitatu juu. Waingereza wakaliiga, wakaliita kwa jina la utani walilowapa Wajerumani, Jerry, na baada ya vita umbo hilo likapita kwenye plastiki likatufikia sisi, la njano, limejaa mafuta ya kula. Ni jepesi, halipati kutu, lina mfuniko. Mama mwenyewe alihama. Maji yakaenda kwenye dumu, nafaka kwenye ndoo ya plastiki, nyanya kwenye kindoo cha rangi, na mafuta ya taa kwenye chupa yoyote.

Tofauti ni hii, na nilijaribu kumweleza mjukuu wangu pale kiwanjani lakini muziki ulikuwa juu. Dumu linabeba maji kama debe, tena vizuri zaidi. Ila likipasuka hakuna sabuni ya kuziba, hakuna risasi inayolishika, huwezi kulinyoosha likawa paa wala kulikunja likawa taa. Hakuna fundi dumu, isipokuwa wale wanaoziba kwa kisu cha moto, na ziba zao nazijua. Likifika mwisho wake linabaki kuwa dumu, mtaroni, miaka na miaka. Neno taka, kwa maana wanayoitumia vijana, la mlima usiopungua, lilikuja mtaani kwetu na plastiki. Kabla ya hapo taka ilikuwa majani, maganda na majivu, ilifagiliwa asubuhi ikachomwa nyuma ya nyumba. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, nilitoa vikapu vya ukindu darini nikaambiwa niko kwenye mtindo.

Kwa hiyo sikubali kwamba vijana hawa wanafanya alichofanya baba. Wanafanya kitu kingine, na kwa kiasi fulani kigumu zaidi, kwa sababu bati lilimtii baba na plastiki haiwatii. Romuald Hazoumè wa Benin amekuwa akiligeuza dumu kuwa sura ya mtu tangu mjukuu wangu hajazaliwa. Kazi yake kubwa, yenye nyuso za madumu zaidi ya 300 zilizopangwa kwa umbo la meli ya watumwa, ilionyeshwa kwenye jumba la makumbusho la British Museum mjini London mwaka 2007. Kule Lamu, Ali Skanda na mafundi wenzake wameunda jahazi la mita 9 kwa plastiki iliyookotwa, na ubavuni wakalivika kandambili zipatazo 30,000. Likateremshwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Fundi wa majahazi kukubali kupiga randa plastiki! Hapo kuna mtu aliyemeza mate kwanza.

Na hapa kwetu tusisahau kwamba uchoraji tunaojivunia ulianzia kwenye vifaa vya ujenzi na vya karakana. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968 hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji. Alichukua vipande vya mraba vya hadibodi, zile za kufunika dari, na rangi ya baiskeli, akauza nje ya duka la Morogoro Stores pale Oysterbay. Alikufa mwaka 1972, miaka minne tu. Aliowafundisha wakaendelea, na hadi leo chui wake wanang'aa kama baiskeli mpya. Nimwulize mwandishi wa kadi: aina ya taka iliyotumika, dari?

Jumapili alasiri watu walijaa. Samaki wa kandambili alipigwa picha kuliko sisi wote. Meza yetu ilipata wazee, maana wazee hawapiti debe bila kuligonga kwa kifundo cha kidole. Walikuja, wakagonga, wakasikiliza, wakasema "lile lenyewe", wakaendelea.

Karibu na magharibi alikuja mzee mmoja mwenye kofia ya mkono, mjukuu wake amemshika kiwiko. Tuliamkiana. Aliniambia alilima mahindi Kilosa miaka mingi kabla watoto hawajamleta mjini. Hakuligonga debe. Alilinyanyua kwa mshikio wa mti, akalipima uzito, akaligeuza kichwa chini, akalipapasa kitako kwa kiganja, polepole, kutoka ukingo hadi katikati. Kiganja kikazama.

Akaliweka mezani, akasoma kadi, kisha akanitazama.

"Hili ni la kuuzia," alisema. "La kununulia liko wapi?"

"Liko nyumbani, babu," nikamjibu. "Tunawekea mkaa."